Mita Moja Niliyokupimia

Magesa, ndugu yangu,

Sijui barua ya mtu aliyekufa inaanzwaje. Nikikuuliza hali utanicheka. Nikisema mimi sijambo utaona najisifu. Basi naanza na mama yako, maana najua ndiyo habari ungeitaka kabla ya zote. Yupo. Miguu imevimba kuliko ulivyoiacha, uji hamalizi kikombe, na tangu tukuzike kule kwenu Majita, mwezi wa nne sasa, mpaka juzi alikuwa na swali moja akimuuliza kila anayepanda kumjulia hali: "Na mimi je, mtanipitisha wapi?"

Watu waliangalia chini. Shemeji, mkeo, alikumbuka sufuria jikoni. Mimi sikuwa na pa kuangalia, kwa sababu njia ile niliipima mimi.

Siku yako ulikuwepo lakini hukuona, kwa hiyo acha nikusimulie. Tulikutoa hospitali asubuhi. Gari likaja mpaka getini kwangu, pale barabara yetu ya Kiseke inapokomea, na kuanzia hapo tukakuchukua mabegani. Wanaume sita, mimi mbele, upande wa mwamba. Njia yenyewe unaijua: inapanda kati ya ukuta wangu na lile jiwe kubwa, inafika kwenye kona ya ukuta, inakata kulia kuelekea kwako. Upana wake mita moja, sentimita mia kamili, wala usiniulize nina uhakika gani. Mtu anaikata kona ile akiwa na ndoo kichwani na mtoto mgongoni, wala hapunguzi mwendo.

Jeneza halikati, Magesa. Tukasogea mbele, ubao ukagonga mwamba. Tukarudi nyuma, ukakwaruza ukuta wangu. Tukainamisha, tukainua, tukajaribu tena. Mimi nimebanwa kati yako na jiwe mpaka vifungo vya koti vikakatika. Hapo mtu wa nyuma akasema, kwa nia njema tu, "Msimamisheni kidogo, apite wima." Shemeji akapiga ukelele: "Hapana! Mume wangu hasimamishwi kama gunia!"

Tukateremka. Tukakuingiza kwangu, tukakuweka uani juu ya meza yetu ya chakula, kando ya kitalu cha mchicha cha mke wangu. Ibada ikasomwa hapo hapo. Mama yako akashushwa kwenye kiti cha plastiki, majirani wawili wamekishika, magoti ameyakunja yasigonge ukuta. Alikutazama kwa muda mrefu. Kisha akasema taratibu, wala si kwa kunilaumu, na ingekuwa nafuu kama angenilaumu: "Kwa hiyo nyumbani hakufika."

Mimi nilijua uzito wa neno hilo. Nimekula kwenu miaka mingi, najua kwamba katika ukoo wenu mtu aliyefia nje huingizwa kwanza ndani ya nyumba yake, watu wake wakae naye, ndipo aondolewe. Wewe presha ilikuangusha mtaroni Nyakato, ukiwa na spana mkononi, na safari yako ya nyumbani ikaishia uani kwa jirani. Kwa jirani mpima ardhi!

Nimekaa nikitafuta wapi lilianza hili kosa, na kila nikirudi nyuma naishia kwenye ile meza ya mama ntilie, karibu na karakana yenu ya mabomba ya maji, tulipokuwa tukinywa chai saa nne. Unaikumbuka nadharia yako? "Usimuulize mtu chama chake," ulikuwa ukisema, "muulize anafanya kazi gani." Halafu unanyoosha kidole huku na huku kama mganga. Yule muuguzi anaamini foleni: anayeumwa zaidi atangulie, mwenye cheo asubiri. Polisi anaamini mkono mgumu, na tusimlaumu, kwa sababu watu wote anaokutana nao wako kwenye siku yao mbaya kuliko zote. Mwalimu anaamini kesho, maana amemwona mtoto aliyeshindwa kuandika jina lake Januari akisoma gazeti Novemba. Fundi cherehani anapinga kila kitu cha kufananisha watu, kwa kuwa hajawahi kuona mabega mawili yaliyo sawa, ingawa sare za harusi ndizo zinazomlisha. Na wale akina mama wa dagaa, ulisema, wanataka serikali iwaache kabisa, isiwasogelee, mpaka siku mvua inyeshee dagaa zilizoanikwa. Hapo wanauliza serikali iko wapi.

Tulicheka mpaka chai ikapoa. Halafu nikakuuliza, na wewe?

"Mimi bomba," ukasema. "Aliye chini akifungulia sana, aliye juu anakosa. Siasa yote ni hiyo, Mpima. Mengine ni mikutano."

Na mimi ukanisema bila kuulizwa. Ulisema mpima ardhi ni bepari hata akiwa hana kitu mfukoni, mtu anayelala akiota kona za viwanja. Niliudhika, lakini nilikujibu vizuri, na jibu lile bado nalisimamia. Nilikwambia sisi hatuitwi penye amani. Hakuna aliyewahi kunipigia simu kuniambia, njoo, mimi na ndugu yangu tunapendana. Ninaitwa ndugu wakishaacha kusalimiana. Nafika, nasimika mashine ya kupimia, nasoma, nachimbia jiwe la mpaka, na mara nyingi kabla sijafunga begi nasikia mmoja anamwambia mwenzake, "Haya bwana, shemeji hajambo?" Kwako mpaka ulikuwa uchoyo. Kwangu mimi ndiyo siku watu walipoanza tena kusalimiana.

Ukainamia sahani, nikadhani nimekushinda. Kumbe ulikuwa unamalizia chapati yangu.

Jambo moja hatukulimaliza. Kazi ndiyo inayomfundisha mtu siasa, au mtu huchagua kazi inayofanana na siasa aliyonayo tayari? Wewe ulisema kazi, na ushahidi wako ulikuwa mdogo wako Masatu. Mmetoka tumbo moja, mmevuta nyavu za baba mmoja, mmelala chumba kimoja. Yeye akaenda kununua samaki kwa ajili ya viwanda, na sasa anaongelea soko kama padri anavyoongelea neema. Wewe ulitaka udereva, ukakosa, ukapewa koleo, ukateremka mtaroni. Mimi nikasema kinyume, nikajitoa mfano: nilikuwa mdogo kule Bukoba nilipomwona baba yangu na kaka yake wakipelekana barazani kwa ajili ya mstari mmoja wa migomba. Walizikwa hawajasemeshana. Kwa hiyo nilipokwenda kusomea upimaji, nilikuwa nimeshaamini.

Ukasema, "Basi wewe ulikwenda kazini na siasa yako mfukoni. Mimi yangu niliikuta kwenye tope." Sijui kwa nini sentensi hiyo inanitoa machozi sasa. Wakati ule nilikuomba unirudishie chapati.

Ndipo ukaja urasimishaji wa makazi mtaani kwetu, viwanja vipimwe na vipate hati. Nasita kuandika hapa, lakini wewe ndiye mtu pekee ninayeweza kumwandikia bila kujitetea. Kila mwenye nyumba kule mlimani aliombwa atoe kipande cha kiwanja ili zipatikane njia, na mkutano ukakaa uani kwangu. Wewe ulisimama ukataka mita tatu. Ulizungumzia bomba, ukazungumzia toroli la saruji, ukasema siku moja kila nyumba ya juu itataka maji na hayatapanda kwa miguu. Ulisema vizuri. Halafu nikasimama mimi. Ningeweza kusema nasimama kama jirani, lakini hapana, nilikwenda ndani kwanza nikachukua kofia ya kazini. Kile kiburi chetu cha Bukoba, ulichokuwa ukikitaja kila nikifungua mdomo, siku hiyo kilisimama nami bega kwa bega. Nikasema: "Kisheria halazimishwi mtu kutoa ardhi yake. Tutoe tunachohitaji. Mita moja inatosha: mtu na ndoo yake."

Wakaniamini, Magesa. Si kwa sababu hoja yangu ilishinda yako. Waliniamini kwa sababu ya kofia.

Uliponipa mkono baada ya mkutano hukuwa na kinyongo. Ulisema tu, "Haya, bepari." Nami nikacheka.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hata wewe hukuliwaza jeneza. Ulifikiria bomba kwa sababu wewe ni wa mabomba, mimi nikafikiria mpaka kwa sababu mimi ni wa mipaka. Tulikuwa wazima mno. Hapakuwa na mtu mkutanoni ambaye kazi yake ni wafu. Mwezi uliopita nilikwenda Igoma kwa yule seremala aliyetengeneza lako. Nilimweleza yaliyotupata. Hata hakushangaa. "Mzee, sisi tunapima kona kwanza, mtu baadaye, ila nyie mliniletea kipimo cha mtu tu," akaniambia huku anapiga randa. "Huko kwenu juu kuna nyumba nazijua. Siku yao ikifika watabomoa dirisha." Nikamuuliza, kwa mazoea yetu yale ya saa nne, yeye ni wa siasa gani. Akapuliza vumbi la mbao. "Mie? Nimeshawapima wa kila upande, mzee. Wanazidiana inchi."

Nilitamani nikimbie nikakwambie. Nilishashika simu, namba yako bado imo, nikakumbuka.

Na hili nalo lazima nikwambie, ingawa litakuaibisha. Wiki hiyo hiyo nilipanda kumwona mama yako, nikanawa mikono pale kwenye bomba lenu la nje. Nikakuta lina kufuli! Kufuli, Magesa! Mjamaa mkubwa wa Kiseke, maji ni ya wote, aliye juu asikose, halafu bomba limefungwa kama stoo ya Mhindi. Nikamwita shemeji, nikamwonyesha kwa kidole. Alicheka. Tangu ufe sikuwa nimemwona anacheka. Alicheka mpaka akakaa chini, na kicheko kikageuka kilio, nami nikakaa karibu naye nikimsubiri amalize. Baadaye akanieleza kwamba watoto wa jirani walikuwa wakiacha bomba wazi, maji yakawa hayafiki nyumba za juu, ndiyo maana ukalifunga. Labda ni kweli. Labda kila mmoja wetu ana kufuli lake mahali, na wewe uliliweka nje tu. Ungekuwa hai nisingekuachia hata siku moja.

Nikateremka, nikasimama kwenye kona yangu. Alama ya ubao wako bado ilikuwepo ukutani, rangi ya kahawia, usawa wa kifua changu.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, nikaita majirani uani. Bila kofia safari hii. Nikawaambia natoa mita moja zaidi kwenye ukuta wangu, kabla na baada ya kona, na kona yenyewe naikata kabisa. Wakashukuru. Tatizo ni kile kipande cha mwisho kabla ya kwako, zile hatua kumi na mbili zilizonyooka kati ya mwamba wa pili na ukuta wa Afande, yule polisi mstaafu. Nikamwomba naye atoe nusu mita. Akasimama kwa heshima zote, unajua adabu yake. "Mpima," akasema, "wewe ndiye uliyetusimamia hapa ukatufundisha kwamba kisheria halazimishwi mtu. Mimi nilikuandika kwenye daftari. Sasa unanilazimisha?"

"Nakuomba, Afande."

"Ombi nimelisikia." Akakaa.

Watu wakanitazama waone nitajibu nini. Mtu alinirudishia maneno yangu, hakuyapunguza hata moja, na yalisikika ya haki kama yalivyosikika kinywani kwangu. Wewe ungekuwepo ungesimama ukamwambia habari ya aliye chini na aliye juu. Mimi maneno hayo hayatoki vizuri. Niliyajaribu chumbani, mke wangu akaniuliza naongea na nani.

Usishangilie huko uliko. Sijawa mjamaa. Bado naamini ardhi iliyotolewa kwa hiari inakaa vizuri kuliko iliyochukuliwa kwa amri, na jiwe la mpaka naliheshimu mpaka leo. Lile langu sikuling'oa mwenyewe, maana ni kosa. Nilimwita mpima mwingine, niliyemfundisha kazi, akaniuliza mara tatu, "Mwalimu, una uhakika?" Lakini sasa najua hiari inaishia wapi. Inaishia kwenye ukuta wa Afande. Mimi nilitaka nikatoa, yeye hakutaka hakutoa, na kati ya kutaka kwangu na kutotaka kwake kuna mama yako na miguu yake iliyovimba. Kazi yangu haikunifundisha nifanye nini na hatua kumi na mbili kama zile. Yako ilikufundisha. Ningekusikiliza mara moja tu, bila kutafuta jibu, ungefika nyumbani.

Ukuta ulibomolewa Jumanne. Mke wangu alihamisha mchicha wake wala hakunung'unika, jambo lililonitisha. Alhamisi seremala akaleta fremu niliyomwagiza: mbao nyembamba, urefu na upana wa jeneza la mtu mzima, tupu katikati. Masatu akafunga ofisi yake ya samaki akaja. Kwenda juu yeye akashika mbele, mimi nyuma, seremala akifuata na penseli sikioni.

Tulifika kwenye kona tukaikata. Fremu haikugusa kitu, si mwamba wala ukuta. Ilipita kwa ulaini, kama hakuna lililowahi kutokea pale. Nikashindwa kuendelea. Nilisimama nimeshika mbao tupu, mtu mzima wa umri wangu, nalia, na Masatu naye huko mbele hakugeuka, mabega tu yanamtikisika. Njia inapitika sasa, ndugu yangu. Inapitika, na wewe hutaipita. Hilo sina mashine ya kulirekebisha.

Kwenye kipande cha Afande tulipita pia, kwa kuwa kimenyooka. Ila mwamba ule wa pili umeingia njiani, pembeni hapatoshi mtu. Watu wanne hawapiti, seremala alijaribu akabanwa. Wanapita wawili tu, mmoja mbele na mmoja nyuma, mzigo wote ukiwa mikononi mwao.

Tukatokeza kwako. Mama yako alikuwa mlangoni kwenye mkeka. Niliogopa ataiona fremu ashtuke. Akaitazama, akatutazama, akaelewa kabla hatujamwamkia. "Shikamoo mama," nikasema. "Marahaba." Kisha akauliza, kama anayeuliza bei ya mihogo:

"Kutoka hapa, kinatangulia kichwa au miguu?"

Masatu akanigeukia. Nikamjibu mimi. "Miguu, mama."

"Na pale pembamba?"

"Watabeba wawili."

Akafikiri. "Wa mbele asiwe mtu wa kukimbia," akasema. "Sitaki kurushwarushwa. Haya, wekeni chini hilo dude, kuna uji." Na uji wake siku hiyo, Magesa, alimaliza kikombe. Swali lake hajaliuliza tena.

Sasa nakuaga. Sitakuomba uninyamazie hilo kosa, maana hukuwahi kuninyamazia kitu ulipokuwa hai. Nisamehe tu. Pumzika vizuri huko Majita, karibu na maji yasiyo na mpaka, kama ulivyopenda kunichokoza. Afande nitaendelea kumwomba, kila Jumapili, mpaka achoke au nichoke. Na asipokubali, siku ya mama yako ikifika, mbele nitashika mimi. Nimeshamwambia Masatu. Aliutazama mgongo wangu, akatazama kitambi changu, akaniuliza kama nitaweza. Nikamwambia zile ni hatua kumi na mbili, nimezipima, na nitazitembea polepole.

Wako,
Mpima